Firigisi ya Bonane

Mimi si mtu wa kumeza hasira. Nikikasirika jikoni hata jirani anajua, maana mifuniko inalia. Basi leo acha ilie.

Kwetu ni Maniema, na kwetu tunakula wali. Bwana yangu alikuwa mtu wa mtoni, wa kule Isangi, mfanyakazi wa Serikali hapa Kisangani. Aliponioa sikujua hata kumenya ndizi za kupika bila kuharibu kitenge kwa utomvu. Aliyenifundisha ni wifi yangu, dada yake. Alinionyesha namna ya kutwanga ndizi zingali za moto mpaka lituma ilainike isiwe na vidonge, na namna ya kupitisha majani ya liboke juu ya moto kidogo ili yasipasuke unapofungia samaki. Hilo siwezi kumnyima. Mwanamke yule anajua kupika, ingawa mwishowe nilimshinda, na yeye mwenyewe alikuwa anasema hivyo mbele za watu.

Kila Bonane, siku ile ya kufungua mwaka, ukoo wote wa bwana yangu ulikuja kula kwetu Kabondo. Wengine walitoka Yanonge kwa pirogi, mitumbwi ile ya mtoni, na mikungu ya ndizi miguuni. Nyumba yenyewe tuliijenga wawili. Yeye alitafuta mabati, mimi nilibeba matofali nikiwa na mimba ya binti yetu. Mtoto wetu ni huyo mmoja tu, msichana. Sisi hatukuona kasoro. Wao waliiona tangu mwanzo, wakanyamaza nayo.

Sasa, firigisi. Kwa watu wale, kuku anaweza kufika mezani bila paja, bila bawa, na hakuna atakayeuliza. Lakini firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haili. Unaipasua, unabandua ile ngozi ya njano ya ndani, unaiosha vizuri, unaipika, halafu unaiweka juu kabisa ya sahani ili papa, baba wa nyumba, aione kwanza. Bwana yangu alipenda utani. Chakula kikichelewa alipaza sauti toka barazani: "Eh, mama, mwenye nyumba iko na njaa!" Watu walicheka, nami nilicheka. Miaka yote ile niliiosha mimi na sikuwahi kujua ladha yake.

Kisha akafa. Homa ilimchukua kabla hatujaelewa ni homa gani. Matanga yakaisha, nguo nyeusi nikavua, Bonane ikafika. Nilidhani safari hii hawatakuja. Wakaja, tena wengi kuliko miaka yote. Nikasema moyoni, kumbe hawa watu wanampenda ndugu yao.

Wifi alifika mapema asubuhi kunisaidia. Alijifunga kitenge changu asichafue chake, akanyonyoa kuku, akaimba. Lazima niseme kweli, siku ile tulifanya kazi vizuri. Pondu, kisamvu chetu, ilinukia mawese mapya, samaki walikuwa wanono, na mvua ilitutisha kidogo halafu ikaenda zake ng'ambo ya mto. Wakati wa kupakua nikabaki na firigisi kwenye kijiko. Mwenye nyumba hayupo. Nikamuuliza wifi.

"Donc hii nitamupa nani?"

Hakuinua kichwa toka kwenye pondu. "Mupe yaya. Yeye sasa iko mukubwa yetu. Ni heshima tu, usiogope."

Yaya ni kaka yao mkubwa, yule ambaye binti yangu anamwita tonton. Kwetu Maniema mgeni mkubwa unampa kipande kizuri, na hapo maneno yamekwisha. Nikaiweka juu ya sahani yake, nikaibeba kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama mama yangu alivyonilea.

Tonton hakula mara moja. Aliishika kwa vidole, akaiinua watu waione. Kisha akaitia mdomoni, akatafuna polepole, akameza, akapangusa midomo.

"Bon," akasema. "Mumeona wote. Mimi sikuomba. Mwenye chungu amenipa na mikono yake mwenyewe."

Wazee wakaitikia. Mmoja akapiga makofi. Nami nimesimama pale natabasamu, nadhani ni shukrani! Nikaenda kuwaongezea lituma.

Kabla ya Pasaka tonton alikuja na mke wake na magodoro. Nilipopiga kelele, wakaita kikao cha familia, na katika kikao kile hakuna aliyezungumzia karatasi za nyumba wala matofali. Walizungumzia firigisi. Nilimpa mbele ya watu, wakasema. Alikula na mimi nikanyamaza. Kwa hiyo nilimkabidhi nafasi ya marehemu. Sasa nalilia nini? Nikasema sikujua. Wakasema mke aliyepikia ukoo wao miaka yote hiyo hawezi kukosa kujua.

Majirani waliniambia niende kushitaki, sheria inamlinda mjane. Najua, na mimi nilisoma. Lakini sheria hailali na wewe nyumba moja. Haiko pale wakati watu wanamwaga maji machafu mlangoni mwako, wala wakati wanamwita binti yako mgeni ndani ya nyumba ya baba yake. Mtoto aliacha kula. Tukatoka, tukapanga chumba huku Simi-Simi, na jiko langu sasa ni mbabula moja ya makaa chini ya ukingo wa bati la mwenye nyumba.

Siku tuliyohama, wifi alilia pamoja nami. Alilia kweli, kamasi na machozi. Mimi ndiye niliyembembeleza.

Desemba hii iliyopita alikuja kunitembelea. Akaketi, akasifu chumba, akasifu binti yangu alivyokua, halafu akafikia lililomleta. Bonane kutakuwa na wageni wakubwa toka Basoko. Mke wa tonton anaunguza majani, lituma yake ni vidonge vitupu, aibu tupu.

"Njoo utupikie, wifi. Siku moja tu. Ni wewe unajua ile jiko."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia ile jiko siikanyagi tena, niliigawa na kipande cha nyama.

Naye, kwa kutaka kunituliza, akasema: "Lakini na wewe, wifi, ulikuwa na haraka. Mimi, wakati bwana yangu alikufa, firigisi nilibakisha ndani ya chungu, nikafunika. Hakuna mutu aliuliza. Ni vile tunafanya kwetu, mpaka mutoto atakuwa mukubwa."

Nilimtazama. Akasikia mwenyewe alichosema. Mkono ukaenda mdomoni, lakini ulichelewa.

"Ulijua," nikamwambia.

Akajifunga kitenge chake upya.

"Nilikuuliza, kijiko mkononi. Ulijua inabaki ndani ya chungu, na ukaniambia nimupe."

"Yaya ni ndugu yangu," akasema, akitazama viatu vyake. "Na wewe ulikuwa na binti tu."

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimejifunga kitenge changu na kunyonyoa kuku wangu huku kinaimba! Sitadanganya kwamba nilimsamehe, au kwamba nilikaa kimya kama mtu mwenye hekima. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikarudia kwa Lingala ili asikose hata neno moja, mpaka alipofika barabarani. Sijamsamehe hata leo ninapoandika.

Bonane nilichinja kuku wangu mwenyewe. Hakuna mgeni aliyekuja, na sikumwalika mtu. Lituma alitwanga binti yangu, na ilitoka laini, haina kidonge. Akaanza kupakua, halafu akasimama na kijiko mkononi, vilevile kama mimi siku ile.

"Mama," akasema kwa woga, "hii nitamupa nani?"

"Lete hapa."

Niliila papo hapo, nimesimama mbele ya mbabula, moto moto. Binti yangu alinitazama mdomoni.

"Iko tamu?"

Haikuwa tamu. Ilikuwa ndogo, haikujaza hata shavu moja, tena ngumu. Niliitafuna mpaka taya ikaniuma, huku nawaza yale matofali niliyobeba na mimba yake.