Mtoto Nisiyemtaja Jina

Mwanangu wa kwanza alipewa jina la baba mkwe wangu, kwa hiyo mimi simwiti kwa jina lake. Kwetu mwanamke hataji jina la mkwewe, hata likibebwa na kitoto kinachojikojolea. Namwita Baba. Nimemwogesha, nimemchapa, nimemtuma dukani, yote kwa kumwita Baba, na hakuna mtu pwani hii anayeona ajabu.

Ndiyo maana yule mhubiri mgeni alinichosha. Kanisa letu ni dogo, familia chache tu katikati ya majirani Waislamu, na siku hiyo akina mama tulikaa mkekani akitufundisha majina ya Mungu. Alianza vizuri. El Shadai, Mwenyezi. Imanueli, Mungu pamoja nasi. Akafika kwa Hajiri, yule mjakazi aliyekimbilia jangwani akamwita Mungu Anionaye, na mimi niliyelala porini na watoto wakati wa vita, machozi yakanilengalenga. Kisha akafungua Biblia penye neno BWANA kwa herufi kubwa, akaligonga kwa kidole.

"Hili si jina," alisema. "Hiki ni cheo. Jina lake ni Yahwe. Mtu akiomba bila kulitaja, maombi yake yanakwenda wapi?"

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia kwamba Wayahudi wenyewe waliacha kulitamka kwa heshima, wakasoma Bwana mahali pake, na kwamba heshima ya namna hiyo sisi tunaijua. Nikamweleza habari za mwanangu.

"Mana, hizo ni mila," alinijibu, akiniita dada kwa Kireno. "Mungu si mkwe wako."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilikasirika. Mume wangu alikwenda Quiterajo kununua samaki wakavu, vita vikamkuta huko, na tangu hapo sijui kama yu hai au amekufa. Kila asubuhi namwomba Bwana amrudishe. Leo mtu aliyefika juzi ananiambia nilikuwa naongea na ukuta. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alinitia wasiwasi. Nikaanza kusema Yahwe kimoyomoyo nikifua nguo, endapo itasaidia, nikijiona kama mwizi.

Wiki hiyo nilikwenda na mwanangu bara kumwona mama yangu. Wakati wa kurudi tulibadilisha gari pale njia panda ya Awasse. Mtoto alikwenda kununua karanga, na gari la pili likajaa upesi, utingo akatuhimiza tupande. Nikamwona amesimama karibu tu, amenipa mgongo. Sijui ni hofu ya kuachwa au ni hasira ya somo lile, nikamwita kwa jina lake. Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa sauti kubwa, jina lile zito kinywani mwangu. Akaendelea kumenya karanga zake.

Nikasogea. "Baba," nilisema, kwa sauti ya kawaida.

Aligeuka papo hapo, mdomo umejaa.

"Mbona nakuita huitiki?"

"Nimesikia mtu anaita, mama. Sikujua kama ni mie. Wewe huniiti hivyo."

Tulipanda. Nusu ya njia nilikuwa napanga maneno ya kumjibu mhubiri, na nilifurahi, nakiri. Halafu furaha ikanitoka. Kama kosa lingekuwa jina, ningelirekebisha, na mume wangu angerudi. Mhubiri yule, pamoja na kunidharau mbele za watu, alikuwa amenipa sababu ya maombi yangu kutojibiwa. Sasa sina sababu yoyote. Bwana anaijua sauti yangu kama mtoto huyu anavyoijua. Amenisikia muda wote huu, na amenyamaza.

Asubuhi yake nilipiga magoti nikamwita Bwana kama siku zote, ila sikumwita kwa upole.