Mgongo Uliokuwa Mtupu

Asubuhi ile nilikuwa napiga pasi gauni la bibi harusi, na baba mkwe wangu alikuwa amekaa barazani amenipa mgongo. Hakuwa amekasirika. Kwetu, kijijini juu ya ziwa upande wa Kongo, baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni wala hawagusani, na mkamwana halitamki jina la baba mkwe wake hata kama nyumba inaungua. Basi sisi tuliongea kupitia kwa Sifa, binti yangu, aliyekuwa na miaka sita na ulimi mwepesi.

“Wee Sifa, umwambie mama yako mkaa unaruka, utatoboa ile nguo.”

“Mama, babu anasema mkaa unaruka.”

“Mwambie babu nimesikia.”

Alikuwa umbali wa hatua nne. Nilikuwa nimesikia kila neno, naye alijua nimesikia, lakini tulimsubiri Sifa amalize kazi yake. Miaka saba niliishi naye bila kumtazama usoni, na sijapata kuheshimiwa na mtu kama nilivyoheshimiwa na mzee yule. Siku ambayo nyama ilikuwa kidogo, alimtuma Sifa aje kusema kwamba babu leo hana hamu ya nyama.

Mume wangu, Kasongo, ndiye aliyekuwa fundi cherehani, nami nilijifunzia kwake. Alikuwa amekwenda mjini kutafuta nyuzi na vitambaa, na siku zilikuwa zimepita tisa bila habari. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na vita tulikuwa tunavisikia redioni tu, mbali, kaskazini. Kabla ya kuondoka aliniambia, “Mama Sifa, lolote likitokea, cherehani usiiache. Bila ile cherehani sisi ni ombaomba.” Nilimjibu kwamba yeye na maneno yake ya mkosi waende zao salama.

Wa kwanza kufika walikuwa askari waliokuwa wanakimbia. Walichukua kuku na baiskeli, wakapita. Wanakijiji wakasema afadhali, wamepita. Nilirudi kwenye pasi yangu.

Kisha bunduki zikasikika juu ya kilima, upande ule ule walikotokea.

Gauni nililiacha mezani. Nilifungua kichwa cha cherehani kwenye meza yake, nikakunja ngata, nikajitwika. Sifa nilimshika mkono. Mzee alikuwa amekwisha simama na fimbo yake.

Goti lake lilikuwa limevimba tangu mvua za kwanza. Mpaka ufukweni ni mwendo wa saa nne kwa mtu mzima wa afya. Alitembea saa mbili. Tulipofika bondeni, penye matete, akakaa chini.

Watu walitupita. Hakuna aliyesimama.

Nilitua cherehani. Nikafungua kitenge nilichojifunga kiunoni, kile cha kubebea mtoto, nikakinyoosha kwa mikono miwili. Nikapiga magoti, nikampa mgongo. Alikuwa mwembamba yule mzee. Nilikuwa na nguvu wakati ule. Nilikuwa nabeba gunia la mihogo kutoka shamba.

Nyuma yangu nikasikia sauti yake, pole pole, kana kwamba tuko barazani.

“Wee Sifa, umwambie mama yako afunge nguo yake. Mie sijamtia aibu tangu aje kwetu, siwezi kuanza leo. Nyie mtangulie, nitafuata.”

Sifa alinigeukia ili aseme. Sikumsubiri. Nilifunga kitenge.

Na hapa ndipo penye neno lenyewe, ambalo lilinikaa kooni miaka miwili na zaidi. Nilipofunga kitenge kile, nilipata nafuu. Nilifurahi. Mila ilikuwa imenifungulia mlango, nami nikapita mbio kabla haujafungwa. Nikajitwika chuma cha mume wangu kichwani, nikashika mkono wa mwanangu, nikaondoka, na mgongo wangu ulikuwa mtupu.

Sifa alikuwa anageuka geuka. Mzee aliita tena, alisema kitu kirefu. Sikukisikia vizuri, nami nilimvuta mtoto kwa nguvu.

Ufukweni tulikuta boti moja yenye mashine. Nilidhani inaondoka.

Haikuondoka. Mashine ilikuwa imeharibika, na mwenye boti aliishughulikia mpaka jua likakaribia kuzama. Ule muda ungetosha kurudi bondeni na kuja tena. Mwanamke mmoja alinisogezea nafasi kivulini. Nilikaa pale nimekumbatia cherehani.

Mchana tukasikia risasi kutoka bondeni. Chache. Halafu kimya.

Mashine ya boti ikawaka, tukaondoka.

Tulishukia Karema, ng'ambo ya ziwa, asubuhi ya pili, tumelowa. Wengi walipelekwa kambini. Mimi nilipanda lori la dagaa, nikaingia Mpanda nikiwa nanuka samaki kuliko samaki wenyewe. Siku hizo Katavi lilikuwa jina la mbuga ya wanyama, mkoa haukuwepo. Nilipanga chumba mtaa wa Makanyagio, na mwenye duka mmoja, Mwislamu mzee asiyependa maneno mengi, akaniruhusu kuweka cherehani kwenye baraza lake. Nilishona sare, magauni, kanzu za watoto wa madrasa. Watu wakanisifu: mwanamke shupavu, amevuka ziwa na cherehani kichwani! Kila sifa ilinichoma. Nilicheka nao, kisha nikainamisha uso kwenye sindano.

Mgongo ulianza kuniuma mwaka ule ule. Zahanati walinipima, wakanipa vidonge, wakasema hawaoni kitu. Sikuweza kubeba chochote mgongoni. Jirani yangu, Mama Minza, Msukuma ambaye ukoo wake ulishuka na ng'ombe kutoka kaskazini, alijifungua, akanijia na mtoto akitaka nimbebe kidogo wakati anachota maji.

“Siwezi,” nilimwambia.

“Huwezi nini? Ni kitoto tu hiki.”

“Siwezi, Mama Minza.”

Akaniangalia, akamfunga mwanawe mwenyewe. “Nyie watu wa ng'ambo mna mambo,” alisema. Habari ikazunguka kwamba yule fundi anaringa, na wengine wakasema mabaya kuliko maringo. Jioni wanawake walikaa pamoja wakichambua mchele, na mimi niliusikia mchele ule kutoka chumbani kwangu. Sikuwalaumu. Mtu mwenye siri hukaa peke yake hata sokoni.

Kasongo alitokea baada ya mwaka na nusu. Alikuwa ametutafuta kambi kwa kambi. Aliponiona pale barazani aligusa kwanza cherehani, kisha akanigusa mimi, akalia. Swali lake la pili lilikuwa juu ya baba yake.

Nilimwambia alifia kwenye boti kwa homa, na tulimzika Karema.

Neno lilitoka bila kukwama, mpaka nikajiogopa. Sifa alikuwa amesimama mlangoni. Usiku ule, mume wangu alipolala, nilimwambia, “Habari za babu usiseme. Usiseme kabisa, hata neno moja.” Akaitikia kwa kichwa. Mtoto yule aliyekuwa mdomo wa nyumba nzima alianza kunyamaza. Mwalimu wake akaniita kuniuliza kama anasikia vizuri.

Mama Minza, pamoja na kuninunia, ndiye aliyenipeleka kanisani kwao, Kawajense. Lilikuwa kanisa la matofali mabichi, nusu mabati nusu nyasi. Nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa alipita kwenye mabenchi akiuliza majina ya marehemu wetu ili Mungu ashukuriwe kwa ajili yao. Mimi nilitoka nje kabla hajanifikia. Jina la yule mzee lilikatazwa kinywani mwangu mara mbili: kwa mila, na kwa nililolitenda. Na mezani sikukaribia. Nilijua kabisa kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wenye dhambi, niliimba hivyo tangu utoto. Niliwaonea wivu hao wenye dhambi.

Kisha Kasongo akaleta ubao wa mninga. Alisema baada ya Pasaka atakwenda Karema kuweka msalaba kwenye kaburi la baba yake, na mimi nitamwonyesha mahali. Kila jioni aliulainisha kwa kipande cha chupa. Kaburi halikuwepo. Sikulala tena. Niliwaza kukimbia, niliwaza kumwonyesha kaburi la mtu mwingine. Ndiyo, niliwaza hata hilo.

Ijumaa Kuu nikaenda kanisani kwa sababu nyumbani kulikuwa na ile sauti ya chupa kwenye mbao. Mchungaji wetu zamani alikuwa mrina asali. Aliongea taratibu kama mtu anayeogopa kuwashtua nyuki, na watu wengi walisinzia. Alikuwa anasimulia jinsi askari walivyogawana nguo za Bwana. Mimi ni fundi, nikasikiliza kwa sababu ya ile kanzu isiyo na mshono. Siku zote nilijiuliza ilifumwaje.

“Basi wakamvua,” mchungaji alisema. “Na mama yake alikuwepo pale, anaangalia. Nyie wazazi hebu fikirieni.” Akaendelea na mengine.

Mimi sikuendelea. Nilibaki pale pale. Kwetu mzazi na mtoto hawaonani hivyo. Ni heri kufa. Mimi na mzee tuliogopa aibu ya mgongo mmoja na kifua kimoja, mbele ya mtoto wa miaka sita, na kwa ajili ya aibu hiyo yeye alibaki kwenye matete. Huyu alivuliwa mbele ya mama yake, mbele ya askari, mchana kweupe, na hakusema kwamba ni mwiko. Alikubali aibu yote ili ambebe mtu.

Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Miaka yote nilidhani mimi ni yule aliyeondoka. Kumbe nilikuwa pia yule aliyekaa chini. Nilikuwa nimekaa njiani, siwezi kutembea, na Yesu amepiga magoti mbele yangu na mgongo wake wazi, wenye majeraha. Nami nilikuwa namwambia afunge nguo yake aende, nisimtie aibu.

Nililia kwa sauti mpaka waliosinzia wakaamka. Mama Minza alihama benchi lake, akaja kukaa kwangu. Hakuuliza. Alinipa ncha ya kanga yake nifute uso, na mtoto wake alikuwa anapumua upande wa pili.

“Nichukue, Bwana,” nilisema. Sala nzima ilikuwa hiyo.

Niliporudi Kasongo alikuwa bado na ule msalaba magotini.

“Baba Sifa, kaburi halipo.”

Chupa ikasimama. Nilimweleza yote: bonde, kitenge, alichosema mzee. Nilimweleza kwamba nilifurahi. Nilimweleza habari ya boti iliyongoja, na risasi. Sikuacha kitu.

“Ulipomwacha alikuwa hai?”

“Alikuwa hai. Alikuwa amekaa.”

Aliinuka, akatoka. Alfajiri alichukua msalaba, akaenda stendi ya malori. Hakuniaga.

Nilikuwa mpweke siku hizo kuliko hata siku za siri. Lakini mgongo wangu haukuuma. Nilijipapasa kwa mshangao, kama mtu anayetafuta ufunguo. Jumamosi ile Sifa akaja akasimama karibu na cherehani.

“Mama. Sasa naruhusiwa kusema?”

“Kusema nini?”

“Babu alinituma. Pale kwenye matete, mara ya pili. Wewe ulinivuta, halafu ukaniambia nisiseme.”

Nilitoa mguu kwenye kanyagio.

Alisimama wima kama zamani, mikono nyuma. “Babu anasema: umwambie mama yako nimeona alivyofungua nguo yake. Yeye ni mwanangu wa kumzaa. Jina langu nimempa, alitaje, asinifiche kwa wajukuu.”

Alipomaliza alishusha pumzi. Mtoto wa miaka minane. Alikuwa ameubeba ujumbe huo muda wote, na mimi ndiye niliyemtwika. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti chini, na yeye akanipanda mgongoni, mkubwa hivyo, miguu ikiburuta.

Kasongo alirudi baada ya siku nane bila msalaba. Alikula kwanza. Kisha akasema, “Nimeusimamisha Karema ufukweni, unatazama kwetu.” Na baadaye, “Hasira ninayo, Mama Sifa. Lakini nitakaa nayo hapa hapa nyumbani.” Alikaa nayo kweli, muda mrefu, na mimi nilikaa naye. Mpaka leo hatujui mzee alikufa vipi, wala nani alimzika, kama alizikwa. Kuna siku nayasikia yale matete. Kusamehewa hakukumtoa bondeni, na sijifanyi kwamba kulimtoa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata tulikaa watatu benchi moja, katikati. Mzee wa kanisa akapita na daftari lake. Alipofika kwetu, Kasongo alifungua mdomo, kisha akanitazama mimi.

“Petro Kalumba,” nilisema. “Baba yangu.”

Sauti haikutoka vizuri. Mzee wa kanisa akainama, akaweka kiganja sikioni, akaniomba nirudie. Nikalirudia.