Salamu Kabla ya Kisu

Miaka nenda miaka rudi, mwalimu wa karate amefundisha kumpokonya mtu kisu, na kisu chenyewe ni cha mpira. Jana, kwenye kichochoro nyuma ya soko, kibaka akamtolea cha chuma. Mwili ukafanya ulichozoea ukumbini: akabana miguu, akainama kumsalimu mpinzani, akangoja naye ainame.

Kibaka akaduwaa. "We mzee ni mwehu!" Akatimua mbio.

Nyumbani mkewe akamuuliza, "Kwa hiyo mbinu zako zinafanya kazi kweli?"

"Hata sijui, mama watoto. Sikufika kwenye mbinu."

Leo ukumbi umefurika wanafunzi wanaotaka kuoneshwa alivyomshinda kibaka. Mwalimu anakitazama kisu cha mpira, anajikuna kichwa.

"Haya," anasema mwishowe. "Inameni. Tena. Tena!"