Wanataka nimhamishe marehemu mume wangu kwenye duara lingine

Habari zenu humu ndani. Admin, asante kwa kunifichia jina. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na moja, naishi Nkende, Tarime. Nimesoma mpaka kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta. Mume wangu alifukiwa na shimo la dhahabu, sisi tunaita duara, pamoja na wenzake wawili. Miili bado iko chini.

Dhahabu ilipotoka huku watu walimiminika, na wazazi walikuja hadi kutoka Machochwe kuzunguka machimbo wakiulizia watoto wao. Mume wangu alikuwa mchimbaji na alijua kuandika programu kwa Python, akakitengenezea kikundi chetu cha wachimbaji tovuti ya kuonyesha kila mtu yuko duara gani, kwa kutumia Django. Unabonyeza wilaya, kisha kata, kisha machimbo, kisha duara, mwisho jina la mtu. Kila hatua inaongeza neno kwenye anwani. Alinifundisha sebuleni, kompyuta akiifunika kwa kanga yangu kuzuia vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe.

Siku moja niliandika njia ya mkato, programu imtafute mtu kwa jina lake tu, isiangalie maneno yaliyotangulia. Ukurasa ukafunguka, nikafurahi. Yeye akafuta jina la duara kwenye anwani, akaweka duara lingine, na mtu yule yule akafunguka.

"Umeona, mama watoto? Mtu wako analala kila nyumba," akacheka. "Mgeni akifika kwa mama yangu, anaulizwa ukoo kwanza, kisha mlango wa ukoo, ndipo baba yake. Na programu iulize hivyo. Jibu moja likikosewa, isifungue."

Tukarekebisha. Siku hizi tovuti naitunza mimi, na mama mkwe huja nimfungulie ukurasa wa mwanawe. Nikimpeleka moja kwa moja kwenye jina anakataa. "Rudi mwanzo," anasema, "tupite njia."

Sasa mwenyekiti wa kikundi, baba mdogo wa marehemu, anataka duara lile walimofukiwa lifunguliwe kwa sababu mawe yake ni mazuri. Lakini huku mchimbaji hashuki kwenye duara lenye mtu ndani, mpaka atolewe na wazee wachinje mbuzi. Wachimbaji wageni hawakuwepo siku ya ajali, kwa hiyo huangalia kwenye tovuti kama duara lina msiba kabla ya kushuka.

Mwenyekiti alikuja nyumbani, akakataa chai.

"Mkamwana, wale watatu wahamishie duara la jirani, lile lililofungwa. Kwenye kompyuta ni neno moja tu."

"Baba, hawako kule."

"Wako ardhini. Ardhi ni moja."

"Basi waambie wachimbaji hivyo hivyo, baba."

Kisha akanikumbusha kwamba nyumba ninayokaa ni ya ukoo, na kwamba mwanamke anayejua kubonyeza ajue pia kutii.

Jana kijana mmoja mchimbaji kutoka Geita alinipigia simu. "Dada, lile duara mbona linaonyesha msiba? Mwenyekiti anasema ni makosa, unarekebisha." Nyuma yake nilisikia wenzake wakinoa sururu na kutaniana. Nikamwambia asubiri. Sikuwa na ujasiri wa kusema zaidi.

Nikibadilisha, watachimba juu ya mume wangu na wenzake, na hakuna atakayewatoa tena. Nikikataa, mimi na wanangu tunafukuzwa nyumbani. Mama mkwe sijamwambia, naogopa moyo wake.

Mwenyekiti anarudi kesho asubuhi. Ninyi mliofiwa, na ninyi mnaoishi kwenye nyumba za ukoo, mngekuwa mimi mngemjibu nini?