Jembe la mama yangu lilivuka mpaka, binti yangu nikamzuia

Wakuu, habari za humu ndani.

Walionizidi umri shikamoo zenu, ingawa sidhani kama mko wengi. Waliobaki nyote naitikia marahaba kabisa, msije mkasahau.

Mimi ni bibi, nipo Ulyankulu, Tabora. Shule niliishia kujua kusoma na kuandika, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya ruka uendelee. Ninayoandika nimeyaona mwenyewe na wahusika wote wapo hai. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nimeona vijana mnaulizana kama mtu ambaye familia yake iliomba hifadhi ugenini anaweza kurudi kwao kutembea kidogo. Majibu mnayopeana yananitisha. "Nenda tu, nani atajua." Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Sisi ni wale wakimbizi wa mwaka sabini na mbili. Tulitoka Burundi nikiwa mtoto wa kushika kanga ya mama, mdogo wangu Leonidas akiwa mgongoni. Tukapita Kigoma, tukaja Tabora kwa njia ile ile ya zamani ya misafara ya Ujiji. Wazee wa Kinyamwezi walituambia babu zao waliipita na pembe za ndovu mabegani. Sisi tuliipita na mikeka na sufuria moja.

Ulyankulu ilikuwa pori. Kila kaya ikapewa panga na jembe. Mama alifungua lile pori kwa jembe hilo: mahindi, maharage, karanga, baadaye tumbaku. Mpini umebadilishwa sijui mara ngapi. Chuma ni kile kile, kimelika mpaka kimebaki kama mwiko.

Mpaka leo nikisikia harufu ya tumbaku inakauka kwenye bani, namwona mama anatoka shambani jembe begani, anaimba Kirundi kwa sauti ya chini, kana kwamba miti itamsema.

Binti yangu wa kwanza, Imelda, alilelewa na mama. Kwetu bibi akimtaka mtoto wa kwanza humkatalii. Walilala kitanda kimoja, wakalima tuta moja. Mvua za kwanza zikinyesha walikuwa wanaingia porini kutafuta uyoga, wanarudi wamelowa, wanacheka mambo yao ambayo mimi sikuambiwa.

Ikaja siku tukaulizwa: anayetaka kurudi Burundi arudi, anayetaka kubaki aombe uraia. Mimi nikabaki. Mama akasema anataka kufia kwao. Akaenda na Leonidas, jembe lake kalifunga ndani ya mkeka. Imelda alishaolewa, mumewe akarudi Burundi, akamfuata.

Baadaye huko mumewe akagombana na wakubwa. Siyaelezi, bado yana masikio. Wakakimbia na watoto, Chantal na wadogo zake, hadi nchi moja ya baridi Ulaya, wakaomba hifadhi. Mume ndiye aliyeeleza kesi, Imelda na watoto wakaingizwa humo humo. Wakakubaliwa wote kwa pamoja.

Hilo neno "kwa pamoja" lishikeni.

Mama akafariki Imelda akiwa huko. Alilia kwenye simu mpaka bando likakata.

Sasa, ukoo wetu tuna desturi. Akifa mkulima, jembe lake halishikwi. Msiba mkubwa unamalizwa baadaye, watoto na wajukuu wanakutana, kila mmoja analishika na kupiga ardhi. Ndipo pombe ya mtama inanywewa na jembe linarudi kazini. Asiyepiga, msiba wake haujaisha.

Leonidas akatangaza tunamaliza msiba. Imelda akapiga simu.

"Mama, nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Tabora kwanza. Halafu Kigoma, halafu navuka."

"Unavuka na karatasi gani?"

"Mama, kesi ni ya baba Chantal. Mimi nilikuwa mke tu. Mimi hakuna anayenitafuta."

Nikamwambia kabla hujagusa begi, muulize mwanasheria wenu. Akamuuliza. Jibu likawa hivi: Tanzania aje, kwa ile pasi ya wakimbizi na viza. Burundi asikanyage. Wakijua ameenda kwa hiari yake nchi waliyosema hawawezi kurudi, faili linaweza kufunguliwa upya. Na kwa kuwa walikubaliwa pamoja, hata watoto wanaweza kuulizwa. Na wanaomtafuta mume, watampata mke.

Akasema amesikia. Akaja.

Nikampokea mjini, Kanyenye, dukani kwa rafiki yangu. Amenenepa, amekuwa mweupe kama mtu wa ndani. Kitu cha kwanza kuniomba ni michembe. Viazi vikavu, wakuu, katoka Ulaya anataka viazi vikavu!

Kesho yake tuko garini kwenda nyumbani, anatafuta leso kwenye mkoba, tiketi ya treni ya Kigoma ikadondoka. Nikaiokota. Nikamtazama. Hakuniangalia.

Kumbe dereva aliyekuwa anatupeleka Ulyankulu alishampa akili. Akajitia kunielewesha na mimi: "Bibi, watu wanavuka kila siku kwenda sokoni. Avae kitenge, abebe ndizi kichwani, nani atamjua?"

Nikamwambia, "Wewe ukitoka sokoni unaulizwa na mkeo. Huyu ataulizwa na serikali. Endesha gari."

Tukafika nyumbani. Nikampikia michembe yake na karanga, akala kidogo, akaanza kulia.

"Bibi ndiye alinifundisha kushika jembe. Wote watapiga, nisipige mimi peke yangu?"

Hapo ndipo nikaelewa. Nilidhani analilia kaburi. Kumbe analilia jembe. Na kaburi halisogei, lakini jembe linabebeka.

Nikampigia Leonidas.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Msiba tunamalizia huku."

Akacheka. "Dada, kaburi liko huku. Tulihamishe?"

"Kaburi likae. Tunalima kaburi? Huko kwako mama alilima bustani ya mboga. Shamba lake liko huku, na wewe umekulia humo ukila udongo."

Akashika jingine: "Nimeshaloweka mtama wa pombe."

"Kunyweni. Huku tutapika mwingine. Lete jembe."

"Dada, unaniamrisha kama mtoto."

"Ndiyo."

Tiketi ya Imelda nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu, ikakaa humo mpaka treni yake ilipoondoka.

Leonidas alikuja. Yeye ana pasi ya kwao, hana kesi na mtu. Alishuka stesheni Tabora na mkeka kwapani. Anasema mpakani walimuuliza kabeba nini, akajibu jembe, wakamcheka: kwani Tanzania majembe yameisha?

Kulipokucha tukaenda kwenye shamba la mama. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi laini. Nikapiga mimi, akapiga Leonidas, akapewa Imelda. Pigo la kwanza likateleza.

"Ulaya mnalima kwa kijiko?" mjomba wake akamtania.

"Mjomba, hili lenyewe limebaki kijiko."

Tukacheka, mimi machozi yananitoka. Desturi ni kupiga mara moja tu. Yeye akapiga, akapiga, akaanza kuimba ule wimbo wa mama kwa sauti ile ile ya chini. Alifungua tuta zima. Hakuna aliyemzuia.

Jirani akatoa simu apige picha arushe mtandaoni. Nikamwambia aiweke mfukoni. Mtu wa mbali akimwona Imelda na mjomba wa Burundi kwenye tuta moja, nani atamweleza kuwa hapa ni Ulyankulu?

Imelda akarudi kwake. Uwanja wa ndege walifungua pasi yake ukurasa kwa ukurasa. Umetoka wapi? Tabora, kwa mama yangu. Muhuri ni wa Tanzania tu. Akapita.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kama mlikubaliwa pamoja, usiseme kesi si yako. Mguu wako mmoja unatembea na watoto wako wote. Kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo muulize mwanasheria wa huko unakoishi, usimuulize dereva, wala usiniulize mimi. Halafu kabla hujavuka, jiulize unachokifuata ni kitu gani hasa. Huenda kinaweza kuletwa.

Wenye yaliyowafika, andikeni hapa chini niyasome, bando lipo. Wa "nenda tu, nani atajua" mniamkie kwanza ndipo mbishane na mimi.

Leonidas bado anadai jembe lake. Nimemwambia alifuate. Liko nyuma ya mlango wangu. Juzi mjukuu wangu Chantal kanipigia: "Bibi, mama ana malengelenge mikononi, kila mgeni anamwonyesha. Na mimi nikija utaniachia nishike?"

Nimemwambia litamsubiri.