Dishi la Nyumba ya Magurudumu

Mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, mama yangu alifariki na shida zikaanza. Nilikuwa darasa la pili. Shangazi alikuja kunichukua akasema shule itanisubiri. Haikunisubiri. Nilibeba ndizi kichwani kutoka Masoko hadi Tukuyu mjini kabla sijaota matiti, na kwa kuwa mvua ya kwetu haimwachi mtu akauke, utoto wangu naukumbuka ukiwa umelowa.

Sitaki kuonewa huruma. Nataka anayesoma ajue kwamba herufi hizi nilijifunza mwenyewe, kwenye magunia ya mbolea na vibao vya maduka, na kwamba miguu yangu ilizoea kwenda tangu mapema. Nikikaa mahali pamoja muda mrefu mwili unaniwasha. Watu wamenisema kwa hilo maisha yangu yote. Wamechoka, mimi bado natembea.

Niliolewa Igogwe, nikazaa binti mmoja, na mume wangu akafa binti huyo akiwa bado mgongoni. Ukoo ulikaa kikao. Wakasema mdogo wa marehemu anichukue, nibaki kwenye boma, nilime migomba ileile. Mimi nilikuwa sijaulizwa. Wakati huo ruksa ya biashara ilikuwa imeshakuja, sabuni na sukari havipangiwi foleni tena, kila mwenye nguvu anauza anachoweza. Nikajifunga kitenge, nikaenda kuuza mitumba kwenye magulio. Binti nilimwacha bomani kwa bibi yake akue na asome, maana mtoto hasomi juu ya mzigo wa nguo.

Kutoka mitumba nikaingia kwenye chai na chapati, na kutoka hapo nikapata karavani. Mkandarasi mmoja wa barabara alipomaliza kazi aliuza vitu vya kambi yake, na mabati na matairi yaligombewa na wanaume. Karavani hakuna aliyeitaka. Ilikuwa na magurudumu manne, vyumba viwili vidogo, mlango mmoja na dirisha lililopasuka. Nikainunua, nikahamia humo, na sikuwa na kitanda kingine popote. Chumba cha mbele kilikuwa hoteli, cha nyuma jiko na mahali pa kulala. Nilikodi trekta kunivuta: Kiwira siku ya gulio, Ushirika, kisha Katumba wachuma chai wanapolipwa. Watu wakaniita Mama Karavani, na wengine wakaniita majina ambayo siyaandiki.

Sasa televisheni. Ilipoanza kuingia Tukuyu, jamaa mmoja pale Bagamoyo, mtaa wa mjini kwetu, si ile ya pwani, aliweka runinga kwenye kibanda chake. Wateja wangu wote wakahamia huko. Mtu anakunywa chai mbaya, anatafuna andazi la jana, mradi anaona mpira. Nikasema sawa, na mimi nitaweka.

Nilianza na antena, ile ya kusimamisha juu ya mti mrefu. Ukiwa Tukuyu mjini inakamata kidogo. Ukishuka bondeni inakamata chenga tupu, watu wanatazama mpira unaochezwa ndani ya unga. Nikafunga safari kwenda Mbeya kununua dishi.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani, mpole. Akaniuliza, "Mama, nyumba iko wapi, tujue fundi atafunga vipi?"

"Inategemea siku."

"Inategemea siku vipi, mama?"

"Leo iko Kiwira. Kesho kutwa Katumba."

Akanitazama, akamtazama mwenzake. "Mama, dishi ni kitu cha mwenye nyumba."

"Nyumba ninayo. Wewe yako ina magurudumu?"

Mwenzake akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Yule wa miwani akaona bora auze. Akanionyesha dishi dogo la bati, la kubeba mkono mmoja, lenye kadi ya kulipia kila mwezi. Linafungwa juu ya paa kwa boliti, dakika chache picha ipo. Nikalipenda kwa sababu lilikuwa jepesi kama mimi, mtu wa kuondoka. Hapo ndipo nilipokosea.

Msomaji asiyeijua wilaya yetu ya Rungwe ataniuliza nilikosea nini. Kwetu mvua hainyeshi, inakaa. Dishi lile dogo lilitazama juu kabisa, kama bakuli lililotegwa chini ya michirizi. Wingu jeusi likisimama juu ya mlima Rungwe, picha inaganda. Tone la kwanza likidondoka, picha imekwenda. Na wachuma chai wanakuja kukaa ndani saa ngapi? Mvua inaponyesha. Kwa hiyo nilikuwa na televisheni inayofanya kazi wakati watu wako shambani, na isiyofanya kazi wakati wako kwangu. Mzee mmoja alinyanyuka katikati ya mechi akasema, "Mama Karavani, rudisha antena, angalau ule unga tulikuwa tunauona."

Nikarudi Mbeya. Yule kijana akasema kuna dishi kubwa, la wavu, la futi nane. Mvua halijali, maji yanapita kwenye matundu, na halina kadi, unapata stesheni za bure. Lakini linataka nguzo ya chuma na zege. Ukishalisimika umelisimika.

Nilisimama mbele ya dishi lile muda mrefu. Zege lina maana ya kiwanja. Kiwanja kina maana ya kukaa. Na habari za kukaa nilikuwa nazo kichwani tayari, maana wiki hiyohiyo ukoo wa Igogwe ulikuwa umeniletea neno: nirudi bomani kabla ya mavuno ya maharage, kwa mdogo wa marehemu, au binti yangu ahesabiwe hana mama na mimi nisikanyage tena kumwona. Niliyafikiria yote mawili kwa pamoja, zege na boma, nikaona ni kitu kimoja.

Nikamuuliza kijana, "Likivunjwa, linavunjika?"

"Linafunguka vipande vinne. Lakini hakuna anayelifungua."

"Funga kwenye gari."

Fundi wa kuchomelea pale Ibighi alinitengenezea nguzo iliyochomelewa kwenye rimu ya lori. Tukifika mahali, rimu inalazwa chini, inajazwa mawe, vipande vinaungwa, dishi linasimama upande wa karavani kama ua kubwa. Tukihama linafunguliwa. Nililichagua hilo nikijua ni kazi ya nusu siku kila kituo. Heri kazi.

Shida moja tu. Dishi la namna hiyo haliwezi kutegwa na mtu mmoja. Mmoja anakuwa nje analizungusha polepole, mwingine yuko ndani anaangalia mstari wa nguvu ya mawimbi kwenye kioo cha runinga na kupiga kelele. Kwa kawaida nilimwomba mteja yeyote.

Ikafika Jumamosi moja Katumba. Mchana kulikuwa na mechi iliyokuwa imetangazwa kila mahali, na wachuma chai walikuwa wameniahidi kuja wote wakishapima majani. Nilikuwa nimeunga dishi, nimewasha jenereta, ila kulitega bado. Mvua ilikuwa imeanza, wateja hawajafika, barabarani hakuna mtu. Nilikuwa ndani nikienda mlangoni na kurudi, nikichungulia na kurudi. Ndipo nikasikia kikohozi.

Kikohozi kile nilikijua. Alikuwa baba mkwe.

Lazima nieleze. Kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe. Akisikia anakuja, anakimbia. Wakikutana njiani, anaingia kwenye migomba. Hampi mkono, hamtazami, hasemi naye, hata kumwita tata, yaani baba, hathubutu. Siku hizi vijana wanapuuza, lakini mimi niliishi bomani kwa mzee yule miaka mingi na sura yake ninaijua kwa kuichungulia tu, upande wa kisogo. Sauti yake nilijua anavyosema na watu wengine.

Nikajifungia chumba cha nyuma. Nikasikia anaketi nje kwenye kreti chini ya ukingo wa paa langu, mgongo kwa mlango. Kisha akaanza kusema na gurudumu, salamu kwanza, kwa Kinyakyusa.

"Gurudumu, ugonile. Mwambie mwenye nyumba yako kwamba nimetumwa na ndugu zangu. Nimetembea kwa mvua. Nimekuja kuchukua jibu, na jibu lenyewe ni yeye."

Na mimi nikajibu kwa kusema na sufuria, kwa nguvu ya kutosha. "Sufuria, chai ya mgeni iko tayari." Nikaiweka kwenye ngazi, nikafunga mlango haraka. Nikasikia anakunywa.

"Gurudumu," akasema, "chai ni nzuri. Lakini nataka jibu kabla sijalowa zaidi. Halafu hilo dude hapa linatafuta nini mbinguni?"

"Sufuria, hilo ni dishi. Halijategwa. Watu wangu wanakuja na sina wa kulizungusha. Wasipoona mpira leo, hawarudi tena, na karavani hii nitaiuza kwa chuma chakavu."

Nilisikia anaweka kikombe. Mimi nikafikiri: vizuri, kazi yake imekuwa rahisi, akae tu ajinyamazie, hadi jioni nitakuwa nimeshindwa na nitamfuata nyuma hadi Igogwe na mzigo kichwani. Kisha nikasikia rimu inalia, chuma kwa mawe.

"Gurudumu, muulize linazungushwa wapi."

Nikakimbilia chumba cha mbele, kwenye kioo. Pazia la dirisha nilikuwa nimelishusha, sikumwona, hakuniona. Mstari ulikuwa chini kabisa. "Sufuria, alipeleke upande wa kuchomoza jua. Taratibu."

Mstari ukanyanyuka kidogo, ukaanguka.

"Sufuria, amepita, arudi nyuma."

Hakusikia. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mstari ukalala. Nikapiga kelele, sufuria nimeisahau, "Rudi! Nimesema rudi, siyo huko!"

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemwamrisha baba mkwe kama mtu wa kusukuma toroli.

Halafu sauti ikaja, na haikuwa inasema na gurudumu. "Rudi wapi, wewe mtoto? Kulia au kushoto? Sema kama mtu."

"Kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako, tata. Kidogo. Kidogo tena. Umezidi."

"Sijazidi, ni upepo."

"Si upepo, ni wewe. Rudisha kucha moja."

"Kucha ya nani? Zangu ni ndefu."

Tukabishana hivyo, yeye nje kwenye mvua na mimi ndani, maneno mengi kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo kati yetu, na hayo yote yalikuwa kulia na kushoto. Mstari ukapanda. Ukapanda tena. Picha ikatokea: mtu anasoma habari, tai nyekundu, safi kabisa, na mvua inamwagika juu yetu.

"Imekuja," nikasema. "Usiguse."

"Siligusi. Nimelishika tu."

"Liachie, tata."

Wachuma chai walianza kufika na majani yamewaganda kwenye nguo. Mwanamke mmoja wa mbele akasema, "Leo Mama Karavani kapata fundi mzee, huyu hatapanda juu ya paa kweli." Baba mkwe akamjibu, "Ningepanda, ila mwenye nyumba ana amri nyingi." Wakacheka. Walimpisha akakaa karibu na mlango, ndani, na mimi nikarudi chumba cha nyuma, nikateremsha kanga katikati. Nilikaanga chapati huku nasikia anauliza yule mwenye jezi ya mistari ni wa timu gani na kwa nini refa hapigwi. Nilipeleka sahani kwa kupitisha mkono chini ya kanga. Mikono mingine ilizipokea. Nilikuwa sijui jibu langu litakuwa nini mpira ukiisha, na sikuweza kusimama wala kukaa.

Mechi ilipoisha watu wakatoka, mvua ikapungua. Nikamsikia anatoka na kuketi tena kwenye kreti lake.

"Gurudumu," akasema. Tulikuwa tumerudi kwenye heshima. "Mwambie hivi. Nilitumwa nirudi naye, nami narudi peke yangu. Nitawaambia yule mdogo atafute mke wa kukaa, maana huyu si wa kukaa, na nimekuta mtu yuko kazini kwake, nimemsaidia mwenyewe. Atakayebisha aje alizungushe lile dishi kwanza. Na mtoto ni wake. Likizo atakuja kwake, popote gari hili litakapokuwa. Nitamleta mimi."

Nilikuwa nyuma ya ubao wa karavani, sijui hata kama nilikuwa nimesimama au nimechuchumaa. Sikusema na sufuria, nilimshukuru yeye mwenyewe.

"Ndaga fijo, tata."

Alikohoa, akaondoka akishuka kuelekea barabarani, na nilisubiri kikohozi kiishe kabisa ndipo nikafungua mlango.

Alimleta binti kila likizo mpaka miguu ilipomshinda. Kila alipokuja aliketi kwenye kreti, na kama dishi lilikuwa halijategwa, tulibishana. Nilihama na karavani ile mpaka simu na ving'amuzi vya bei nafuu vilipoingia kila nyumba, na watu wakaacha kutoka kwao kutafuta picha.

Kwa wanaosema mtu asiyekaa hapati kitu, leo nina yafuatayo. Shamba la parachichi Kyimo. Shamba la migomba Masoko, karibu na alipozikwa mama. Nyumba ya matofali ya kuchoma pale Ibighi, nimepangisha, mimi silali humo. Ng'ombe wa maziwa watatu. Gari aina ya pikapu, linatembea. Karavani mbili, ya zamani na nyingine niliyoinunua baadaye, ambayo ndiyo ninamolala. Jenereta. Friji mbili, moja mbovu.