Delya Aliongea Kwenye Msiba Wake

Nilimsikia marehemu akijieleza mbele ya jeneza lake. Mdomo aliotumia ulikuwa wangu.

Msiniite mchawi. Tulieni.

Kwao walimwita Rodelio. Sisi wa saluni, pale Jaro, tulimwita Delya, na nywele zake zilifika kiunoni. Alikuwa agi kama mimi: tumezaliwa wavulana, tukaishi tunavyojijua wenyewe.

Asubuhi ya maziko nikafika kwao Oton na mkoba wangu wa vipodozi. Nikachungulia kwenye kioo cha jeneza.

Wamemnyoa! Kipara kama kuruta!

"Nani kamfanya hivi?"

"Mimi," akajibu kaka yake Efren, biskuti mdomoni. "Mdogo wangu anazikwa kama mwanaume. Wewe na wanja wako kaeni nje."

Damu ikanichemka. Nikajizuia kwa ajili ya mama yao, Nanay Pasing, aliyekaa kando ya jeneza kimya, macho chini.

Kabla ya kwenda kanisani Efren akasimama kumwelezea marehemu. Eti alikuwa na mchumba huko Antique. Eti alipenda kupiganisha majogoo. Delya huyu huyu, aliyekuwa akikimbia hata vifaranga!

Sasa, saluni kwetu tuna desturi. Mwenzetu akiwa hayupo, hatumsimulii kama mtu wa mbali. Unamwazima mdomo wako, unakuwa yeye, kwa maneno yake, matusi yake na kicheko chake.

Nikasimama.

"Mimi ni Delya," nikasema kwa ile sauti yake ya puani. "Huyo mchumba simjui, labda ni wa Efren. Mimi nilipita kwenye Santakrusan, yale maandamano ya kanisa ya mwezi wa Mei, na gauni jekundu nililonunua Bacolod, hadi padri akasahau sala!"

Wacheza karata waliokesha msibani wakaangua kicheko. Efren akanikaba kola.

"Funga bakuli lako! Unamtukana marehemu!"

"Mwongo," akasema Nanay Pasing, akinitazama mimi.

Nikajua leo yamenikuta.

"Gauni halikuwa jekundu," mama akaendelea. " Lilikuwa la manjano. Wala halikununuliwa Bacolod. Nililishona mimi, baba yenu akiwa kwenye mashamba ya miwa."

Efren akaniachia kola. Miaka yote hiyo Delya alituapia kuwa lile gauni, ambalo sisi hatukuwahi kuliona, ni jekundu na la dukani. Kumbe alikuwa anaficha siri ya mama yake, ili baba yao, yule mzee mkali, asije akajua!

"Fungueni kioo," mama akasema. "Mpake rangi ya mdomo, mwanangu. Ile anayoipenda."

Nikampaka. Nilijawa na hasira, sifichi, na sikuwa namkasirikia Efren tena.

"Nanay, walipokuwa wanamnyoa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Nyie mnaowapenda watoto wenu kwa kificho, sikieni. Delya alidanganya mpaka anaingia kaburini ili amlinde mama yake. Mama alitakiwa kusema neno moja tu, kabla mkasi haujagusa kichwa.

Nywele za maiti hazioti tena.